Basi langu la gemu linauzwa na mtu mwingine: je, mtengenezaji wa modi ana haki ya kulipwa?

FundiWaMsamvu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki mbili sasa, na ambalo nadhani linamgusa kila anayetengeneza modi, yaani vitu ambavyo mchezaji huviunda mwenyewe na kuviongeza kwenye gemu ya kampuni, ziwe za mabasi, za mpira au za gemu kubwa za kompyuta.

Mimi hutengeneza modi za mabasi za Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya kampuni ya Maleo. Mwaka huu nilitumia miezi mitatu, kila siku kuanzia saa tatu usiku nikishatoka kazini, kuchora basi la Yutong linalofanana na yale yanayopita hapa Morogoro kwenda Mbeya. Nilikwenda stendi ya Msamvu mara nne kupiga picha za taa za nyuma, za ngazi ya mlango wa abiria na za lile pazia fupi lenye nyuzi linaloning'inia juu ya kioo cha dereva, kwa sababu mchezaji wa Kitanzania akiingia ndani ya basi asilione pazia lile, hulitambua mara moja kuwa ni basi la ugenini. Bando nilinunua mwenyewe. Chaja ya kompyuta iliungua nikanunua nyingine. Kazi ilipokamilika nililipandisha faili bure, nikaomba jambo moja tu, kwamba jina langu lisifutwe.

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu aliyeko Iringa alinitumia picha kutoka kundi moja la WhatsApp. Basi langu linauzwa humo kwa shilingi 2,000, na kwenye kibao cha namba, pale nilipoandika jina langu, limeandikwa la muuzaji. Nilipomwandikia, alinijibu kwamba kitu kilichotolewa bure hakina mwenyewe.

Sasa nauliza: je, ni haki nianze kuuza modi zangu? Najua wapo wanaofunga faili kwa nywila kisha wakaitaja katikati ya video ya YouTube ili watazamaji waongezeke, na wapo wanaosema kuwa modi ni kitu cha kupeana na kwamba anayetaka fedha akatafute kazi. Mimi kazi ninayo, lakini miezi ile mitatu ilikuwa kazi pia.

BabuWaDiski

Mdogo wangu, pole kwa kuibiwa. Huyo wa WhatsApp ni mwizi, na wizi wake haubadiliki kwa wewe kuuza au kutouza. Ungeuza kwa 5,000, yeye angeuza kwa 2,000 hiyohiyo. Kwa hiyo tuyatenganishe mambo hayo mawili.

Kuhusu kuuza, acha nisimulie yaliyotokea mwaka 2015, kwa sababu wakati ule nilikuwa nikicheza gemu ya Skyrim kila mwisho wa wiki na niliyashuhudia. Tarehe 23 Aprili, Valve, ambao ndio wenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakishirikiana na Bethesda walioitengeneza gemu hiyo, waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe kwa fedha ndani ya Steam Workshop, sehemu ya duka hilo ambapo wachezaji hugawana modi. Katika kila dola iliyolipwa, Valve walichukua senti 30, Bethesda 45, na mtu aliyekesha akiitengeneza modi akabakiwa na senti 25. Watu zaidi ya 130,000 walitia saini ombi la kupinga mpango huo. Tarehe 27, siku nne tu baadaye, mpango ukafutwa na walionunua wakarudishiwa fedha zao.

Siku hizi kisa hicho husimuliwa kana kwamba wachezaji walikuwa mabahili wasiotaka kutoa hata senti. Ubahili ulikuwapo, sikatai. Lakini sisi tuliokuwa ndani tuliona jambo jingine, nalo ni kwamba modi haisimami peke yake. Mojawapo ya modi za kwanza kuwekwa sokoni ilikuwa ya uvuvi wa samaki, na mapema kabisa iliondolewa kwa sababu mijongeo yake ilitegemea kazi ya mtengenezaji mwingine ambaye alikuwa ameitoa bure na hakukubaliana na biashara ile. Ikatangazwa pia kwamba toleo la 5 la SkyUI, modi inayoboresha menyu za Skyrim, lingekuwa la kulipia. Asiyejua Skyrim anaweza kuliona hilo kuwa dogo, lakini modi nyingi sana za gemu ile hutumia menyu ya SkyUI kupanga mipangilio yake, kwa hiyo watu waliokuwa wakitoa kazi zao bure wakajikuta wanategemea kitu kinachoelekea kuwekewa bei. Ni kama shughuli ya mtaani, ambapo huyu ameleta sufuria, yule kuni, mwingine turubai. Siku mwenye sufuria akidai kodi ya sufuria, mwenye kuni naye atauliza ni nani aliyemwambia kuwa kuni zake ni za bure, na ubwabwa hautaiva.

Liko jambo la pili, ambalo mtu akifikiria mapato hulisahau. Mnunuzi alipewa saa 24 za kudai fedha zake. Sasa modi inaweza kufanya kazi vizuri leo na kesho, kisha mwezi ujao gemu ikasasishwa, au mchezaji akaongeza modi nyingine inayogombana nayo, na mchezo wake aliouhifadhi kwa mwaka mzima ukaharibika. Aliyetoa bure akiambiwa hivyo anaweza kujibu kuwa amechoka, arekebishe anayeweza. Aliyechukua fedha ya mtu hana jibu hilo. Je, wewe uko tayari kupigiwa simu usiku na mtoto wa Kigoma ambaye basi lake limekwama Kitonga kwa sababu simu yake ina kumbukumbu ndogo?

Mimi nasema asante ilipwe kwa hiari. Weka namba yako ya simu chini ya modi, anayependa atume chochote. Faili lenyewe liache wazi.

DadaWaProgramu

Salamu kutoka Nairobi. Namheshimu sana Mzee, na hayo aliyoyasema kuhusu mwaka 2015 ni kweli, ila ameanza hadithi katikati.

Valve haohao, mwezi Januari wa mwaka huohuo wa 2015, walikuwa wametangaza kwamba wamekwishawalipa watu zaidi ya 1,500 jumla ya dola milioni 57 kwa vitu walivyovibuni na kuviuza ndani ya Team Fortress 2, Dota 2 na Counter-Strike: Global Offensive. Fungu la mbunifu huko nako lilikuwa asilimia 25. Mbona hakuna aliyetia saini ombi lolote? Kwa sababu kofia ya mhusika au rangi ya bunduki inasimama yenyewe, imekaguliwa kabla ya kuuzwa, na mnunuzi aliikuta na bei tangu siku ya kwanza. Kwenye Skyrim bei iliangushwa juu ya uwanja ambao watu walikuwa wameulima kwa pamoja tangu gemu ilipotoka Novemba 2011. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa namna na wakati, na mgawanyo wenyewe ulikuwa wa dhuluma. Halikuwa kosa mtu kulipwa.

Tena, hebu tuzitazame gemu hizo tatu. Team Fortress ilianza mwaka 1996 kama modi ya Quake. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe, na Valve wakainunua na kuwaajiri. Dota ilikuwa ramani iliyochorwa na wachezaji ndani ya Warcraft III. DayZ ya mwaka 2012 ilikuwa modi ya Arma 2. Biashara kubwa za gemu zimeota kwenye shamba ambalo tunaambiwa ni la zawadi. Zawadi hiyo hunufaisha upande mmoja zaidi ya mwingine, maana Skyrim imeuzwa na kuuzwa tena kwa zaidi ya miaka kumi, na kila mtu anajua kuwa modi ni sehemu kubwa ya kilichoiweka hai muda wote huo. Anayeambiwa afanye kwa mapenzi ni mtengenezaji wa modi peke yake; wahasibu wa kampuni hakuna anayewaambia hivyo.

Ipo mifano ya waliolipwa bila uwanja kuharibika. Garry's Mod ilianza kama modi ya bure mwaka 2004, ikauzwa kwenye Steam kuanzia mwaka 2006, na kwa ruhusa ya Valve. Black Mesa, ambayo ni Half-Life iliyojengwa upya na mashabiki, ilitolewa bure mwaka 2012, kisha kwa idhini ya Valve ikaanza kuuzwa mwaka 2015 na kukamilika mwaka 2020. Bethesda wenyewe walirudi mwaka 2017 na Creation Club, ambamo waliwalipa watengenezaji waliowachagua kama mafundi wa mkataba, na mwishoni mwa 2023 wakafungua mlango zaidi. Epic nao, wenye gemu ya Fortnite, tangu Machi 2023, hutenga asilimia 40 ya mapato yake halisi kwa wanaojenga visiwa, yaani ramani za kuchezea, ndani yake, kulingana na jinsi wachezaji wanavyovitembelea.

Mzee anasema namba ya simu iwekwe na watu watume kwa hiari. Mimi niliwahi kuweka. Modi yangu ilipakuliwa mara nyingi hata sikuamini, na kwa miezi sita nilipokea shilingi 740 za Kenya, ambazo 500 zilitoka kwa mjomba wangu. Huku kwetu tangu mwaka 2018 mtu anaweza kuhamisha fedha kutoka PayPal kwenda M-Pesa, kwa hivyo tatizo langu halikuwa njia ya kupokea. Watu hawalipi kisichokuwa na bei, na si kwa ubaya wa roho. Wanaona tu kwamba hakuna aliyewaomba. Halafu tukubali kwamba kazi ya bure hufanywa na mwenye mshahara, au anayelishwa na wazazi. Kijana mwenye kipawa asiye na hayo mawili ataacha baada ya modi ya pili, nasi hatutajua tulichokosa.

BabuWaDiski

Dada, hiyo ya mjomba imenichekesha mno, na hoja yako kuhusu anayemudu kufanya bure naikubali bila ubishi. Bado nasimama pale kwenye sufuria. Katika mifano yako yote, Garry's Mod, Black Mesa na hao wa mkataba, mwenye gemu alikubali kwanza. Huyu kijana hana barua yoyote kutoka Indonesia.

MwanafunziWaSheria

Nashukuru Mzee ameligusa hilo, kwa sababu ndilo nililotaka kuchangia. Nipo mwaka wa nne wa sheria, kwa hiyo haya yachukuliwe kama maelezo ya mwanafunzi, si ushauri wa wakili.

Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1998 kati ya Micro Star na FormGen, wasambazaji wa gemu ya Duke Nukem 3D, ambayo inamhusu mleta mada kwa karibu kuliko anavyodhani. Gemu hiyo iliwapa wachezaji zana ya kujengea ramani zao, kwa sharti kwamba ramani hizo zigawiwe bure. Micro Star walikusanya ramani 300 ambazo wachezaji walikuwa wameziweka kwenye mtandao, wakazitia kwenye diski moja na kuiuza. Utetezi wao ulikuwa wa kijanja, kwamba mafaili ya ramani hayakuwa na picha hata moja ya gemu, bali maelekezo tu yanayoiambia gemu ukuta uwekwe wapi na adui asimame wapi. Mahakama ya Rufaa iliwakatalia. Ilisema kwamba ramani hizo zinasimulia mwendelezo wa hadithi ya mhusika yuleyule, na haki ya kutunga mwendelezo ni ya mwenye hadithi.

Tazameni jinsi kesi hiyo inavyokata pande zote mbili. Micro Star walikuwa wanafanya kilekile anachofanya muuzaji wa WhatsApp, yaani kukusanya jasho la wengine na kuliuza. Lakini kilichowaangusha ni haki ya kampuni. Wale waliochora ramani 300 hawakuwa hata sehemu ya kesi. Na hali haijalegea sana tangu hapo, maana Blizzard, walioona Dota ikizaliwa ndani ya gemu yao na kwenda kwa wengine, waliandika katika masharti ya Warcraft III ya mwaka 2020 kwamba kila ramani inayotengenezwa na mchezaji ni mali yao.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapobuniwa, hata kama hukuisajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi, na inampa mbunifu haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeibuni. Kwa hiyo kauli kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe haina msingi wowote. Kutoa bure ni ruhusa ya kutumia. Kufuta jina na kuuza ni jambo jingine kabisa.

Ila sasa naomba mleta mada ajibu maswali mawili kwa uaminifu. Kwanza, ubavuni mwa basi lako umechora nembo ya kampuni ya mabasi iliyopo kweli? Ukigawa bure, wenye kampuni pengine watafurahi. Ukiuza, umeifanya nembo yao kuwa bidhaa yako. Pili, je, basi zima ulilichora wewe, kuanzia gurudumu hadi usukani, au ulianza na modeli ya mtu?

KibandaChaKirumba

Habari kutoka Mwanza. Mimi si mtengenezaji, nina kibanda cha gemu chenye skrini sita, kwa hiyo nitasema machache ya upande wa anayelipa.

Kila msimu wa ligi unapoanza kuna kijana anakuja kubadilisha jezi, nembo na majina ya wachezaji kwenye PES zetu, yaani gemu ya mpira, ili Simba na Yanga wawe na vikosi vya mwaka huu. Namlipa shilingi 5,000 kwa kila mashine. Sijawahi kumuuliza faili amelitoa wapi, na pengine amelipakua bure mahali ambapo hata mimi ningeweza kulipakua. Ninachomlipa ni kuja, kukaa saa tatu, na kurudi siku inayofuata ikiwa kipa amegeuka kuwa hana kichwa, jambo lililowahi kutokea. Msimu uliopita alifuta ligi waliyokuwa wameihifadhi wateja wangu wa kila siku, akarudisha nusu ya fedha bila kugombezwa. Kwa jinsi ninavyoona mimi, mteja wa kawaida yuko tayari kulipia mkono wa mtu. Faili hataki kulilipia, kwa sababu anajua jirani yake atamrushia.

FundiWaMsamvu (mleta mada)

Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi.

Nianze na swali gumu la Mwanafunzi. Nembo nimechora, ndiyo. Na basi zima si langu. Umbo la nje, milango, taa, viti na pazia ni kazi ya mikono yangu, lakini dashibodi na usukani nilivichukua kutoka modeli ya mtengenezaji mmoja wa Indonesia, ambaye alikuwa ameandika kwamba inaruhusiwa kutumika ila isiuzwe. Nilipoandika swali langu sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa na hasira ya kuibiwa, na kumbe ningeuza lile basi kama lilivyo, mtu fulani kule Surabaya au Bandung angekuwa na haki ya kuandika mada kama hii kunihusu mimi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nilimpelekea msimamizi wa lile kundi mafaili yangu ya Blender, programu ninayochorea, ya tangu mwezi wa kwanza wa kazi, pamoja na picha za Msamvu zenye tarehe, naye akamwondoa muuzaji. Sijui kama hakuhamia kundi jingine. Basi lenyewe litabaki bure, na kuanzia sasa jina langu nimelichonga ndani ya umbo la bampa badala ya kuliandika kwenye rangi. Ninachouza ni oda. Mtu akitaka basi lipakwe rangi anazozitaka na jina lake juu ya kioo, atalipa shilingi 3,000, na likigoma kwenye simu yake nitalirekebisha mara moja bila malipo zaidi. Mchango wa Kibanda ndio ulionipa wazo hilo. Hadi jana nilikuwa nimepata oda saba, moja ikiwa ya konda halisi anayetaka jina la mtoto wake liandikwe.

Dada, nimelifikiria sana neno lako kwamba kisichokuwa na bei hakilipwi, na ndiyo maana basi lijalo nataka liwe langu kuanzia tairi hadi honi, bila nembo ya mtu, ili siku nikiamua kuwaandikia Maleo barua ya kuomba ruhusa ya kuliuza, niwe na kitu cha kuwaonyesha. Kilichobaki ni dashibodi. Jumamosi nilikwenda stendi na futi ya fundi cherehani, na dereva mmoja akaniruhusu nikae kwenye kiti chake kwa dakika tano kabla ya kuondoka. Nilipima upana wa usukani, urefu wa gia, na umbali kutoka kwenye kiti hadi kwenye breki. Konda wake alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, akaniuliza kama kwenye hilo basi langu kuna konda. Nilimwambia sijamchora. Akaangalia ndani, akaangalia futi yangu, kisha akauliza nauli sasa inakusanywa na nani.